Kaseti ya wawili usiisafishe mno

Nyumba nyingi za Dodoma, chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati, kuna kaseti mbili tatu zisizoguswa. Mmoja wa wenyewe, mume au mke, keshatangulia, au waliachana kila mtu akashika njia yake. Watoto wakizikuta wanaona zilipendwa tu, nyimbo ambazo hata mtandaoni zipo. Wanakosea hapo. Wimbo wa Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza 1978, unaupata leo kwa sauti safi kuliko ya kaseti ile. Usichokipata ni kitufe cha kurekodi kilichobonyezwa kwa kuchelewa hadi maneno ya mwanzo yakapotea, mtangazaji wa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, akimalizia majina ya salamu, na mtu nyuma akinong'ona, "Kimya, ndio huo." Wimbo wa wawili ni huo, na kasoro zake zote.

Basi unapoihamisha kwenye kompyuta, unahamisha na kasoro.

Kabla ya kitu kingine, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikiwepo, kidole kikiteleza kwenye kitufe chekundu, sauti ya marehemu imefutika na hairudi. Kisha itazame kaseti kwa mbele, pale utepe unapoonekana. Katikati pawe na kipande kidogo cha sponji au kitambaa kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha rekoda. Kwa joto letu gundi hukauka na kipande kikadondoka. Sauti inakuwa ya mbali, kama mtu anaimba ndani ya mtungi, na watu husema kaseti imekufa. Haijafa. Tafuta kaseti ya bei ndogo iliyofungwa kwa skrubu, ifungue, hamishia humo magurudumu mawili na utepe wake, funga. Fanya juu ya shuka jeupe, dirisha limefungwa, maana vumbi la Agosti hapa halina adabu.

Zungusha utepe wote kwa penseli, mbele hadi mwisho kisha urudishe, kabla ya kuupiga. Uliokaa miaka umegandamana. C60, yaani kaseti ya dakika 60, huvumilia; C120 utepe wake ni mwembamba mno, hukatika au ukaliwa na rekoda.

Rekoda nayo ioshwe. Kichwa cha chuma kipanguse kwa pamba yenye spiriti. Kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe usikipake spiriti, hukakamaa. Kitambaa chenye maji na tone la sabuni kinatosha. Mwimbaji akivuta sauti kama mlevi, mkanda wa mpira wa ndani umelegea, mpelekee fundi redio. Sauti ikiwa nzito bila ncha, kuna skrubu ndogo pembeni mwa kichwa: izungushe taratibu, chini ya robo mzunguko, mpaka herufi "s" zisikike kali.

Waya utoke tundu la spika za masikioni uingie kadi ya sauti ya USB, kisha kompyuta. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure. Weka 44,100 Hz, biti 16, vilele vya sauti visizidi -6 dB. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri, la sivyo utarekodi mvumo wa umeme. Kaseti ya dakika 90 katika WAV, faili la sauti isiyobanwa, ni karibu GB 1. Usibane kuwa MP3 kwanza. Hiyo ni nakala ya kutumiana WhatsApp.

Sasa kishawishi: kile kitufe cha kuondoa kelele. Hapa kwetu kina hatari ya pekee. Kaseti za harusi za Wagogo zinaweza kuwa na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili iungurume. Mtengenezaji kauweka muungurumo huo makusudi. Programu huuona uchafu. Ukisafisha, inabaki ilimba iliyonyolewa, na pamoja nayo huondoka jogoo, vifijo na pumzi ya aliyeshika kipaza sauti. Acha. Wala usikate nafasi kati ya nyimbo, maana humo ndimo wanamozungumza.

Kumpigia kaseti mwenyewe, yule aliyebaki, ni kazi nyingine. Usimshtukize mbele ya wageni siku ya kuondoa tanga. Mwambie, "Mama, kaseti zenu zimepona, tusikilize pamoja au ukae nazo peke yako?" Wengi watachagua peke yao. Akiwa tayari, muulize wimbo wao ulikuwa upi, uandike jina, mahali na mwaka anaoutaja. Usishangae kama marehemu alikuwa akidai ni mwingine.

Na wimbo huo usiufanye mlio wa simu yako. Kila unaposikika mahali papya unaokota kumbukumbu mpya juu ya ile ya zamani. Baada ya miezi miwili utakuwa unakukumbusha wanaokudai.