Boti ya jeti imekosa nguvu? Soma mizunguko kabla ya kushika spana

Boti ya jeti, ile inayosukumwa na pampu inayorusha maji nyuma, ikianza kuwa nzito, wengi hukimbilia kufungua kabureta au kubadilisha plagi. Subiri kwanza. Mita ya mizunguko ya injini iliyo mbele yako inaweza kukuambia kosa liko kwenye pampu au kwenye injini, nawe hujalegeza nati hata moja.

Sababu ni hii. Kwa kawaida impela, ile feni yenye mabawa ndani ya pampu, imeungwa moja kwa moja na injini, na nguvu inayokula hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Tena haijali sana boti inakwenda kasi gani. Kwa hiyo, pampu ikiwa nzima, mizunguko unayopata ukifungua mafuta yote ni kipimo cha nguvu ya injini yenyewe. Kama boti yako ilizoea kufika 4,000 kwa dakika na leo inagota kwenye 3,600, mizunguko imepungua asilimia 10 tu, lakini nguvu iliyopotea ni kama asilimia 27. Ndiyo maana naomba kila mwenye boti aandike namba yake siku boti ikiwa nzima, pamoja na idadi ya abiria na kiasi cha mafuta tangini. Bila namba hiyo utabaki kubahatisha.

Mizunguko ikipanda kuliko kawaida huku boti haisukumi, pampu inameza hewa au maji hayafiki vizuri. Utasikia mngurumo kama changarawe zinasagwa chini ya sakafu. Mara nyingi ni majani, kamba au mfuko wa plastiki kwenye wavu wa kuingizia maji. Ukiwa kwenye kina salama, zima injini kabisa. Uchafu mwingi huanguka wenyewe. Kutia rivasi peke yake hakusaidii, kwa sababu ile ndoo ya nyuma, yaani kifuniko kinachoshuka kwenye tundu la kutokea maji, hugeuza tu mkondo unaotoka, na impela inaendelea kuvuta upande uleule.

Kama haikusaidia, chomoa ufunguo wa dharura, tenganisha betri, ndipo uingize mkono. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa. Ukingo mzima ni mwembamba na laini mwanzo hadi mwisho. Ulioumwa na mawe una vijino na sehemu zilizojikunja, na kila kijino huvuruga maji hadi yanafanya mapovu. Mapovu hayo yakipasuka hula chuma, ndiyo maana uso wa bawa la zamani unaweza kuwa na vishimo kama sifongo. Vijino vidogo unaweza kuvipiga tupa, mradi urudishe umbo lile lile na usiondoe chuma zaidi upande mmoja, la sivyo impela itatetemeka na kuua beringi. Kisha pima nafasi kati ya ncha ya bawa na pete inayoizunguka, sehemu nne tofauti. Kitabu cha pampu yako ndicho chenye kikomo halisi, ila jua kwamba hapa tunahesabu sehemu za milimita. Nafasi ikizidi, maji yanarudi nyuma kupitia pembeni na msukumo unapotea hata kama injini ni mpya.

Mizunguko ikishuka, hakikisha kwanza hakuna jiwe au kamba inayoikaba impela. Betri ikiwa bado imetengwa, izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza. Ikiwa huru, nenda kwenye injini. Mtu asukume mkono wa mafuta hadi mwisho huku wewe ukitazama kama kipepeo cha hewa, lile bamba linaloruhusu hewa kuingia kwenye injini, kinafunguka chote. Kebo iliyolegea hudanganya mafundi wengi.

Halafu sikiliza nguvu inaondoka vipi. Ikivuta vizuri kwa sekunde chache kisha ikazama, na ukipunguza mafuta inapata pumzi tena, injini ina njaa ya petroli. Fungua mfuniko wa tangi ujaribu tena. Ikipona, tundu la hewa la tangi limeziba. Isipopona, badilisha filta na umwage yaliyomo kwenye chupa ya glasi: maji yatakaa chini, petroli juu. Kabla ya kuwasha tena, washa feni ya kutoa mvuke kwenye chumba cha injini kwa dakika 4. Hilo usiliruke hata siku moja.

Ikiwa inamisi na kushtuka inapobebeshwa mzigo lakini inatulia vizuri ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta, shuku umeme. Mgandamizo ukiwa mkubwa ndani ya silinda, cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka, na waya au koili dhaifu hushindwa hapo hapo. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu. Nyeupe kabisa, mafuta ni haba.

Angalia na joto. Injini nyingi za jeti hupozwa na maji yanayotoka kwenye pampu yenyewe, kwa hiyo mchanga kwenye chujio huleta uchemkaji, na injini za kompyuta hujipunguzia mizunguko ili zisiungue.

Yote yakiwa sawa, pima kompresheni. Injini iwe na joto, plagi zote nje, umeme wa cheche umekatwa, petroli imefungwa, kipepeo wazi, piga stata hadi sindano ya geji iache kupanda. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hivi. Iliyoshuka itie kijiko cha chai cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazifungi, au gasketi ya silinda hedi imeungua, hasa kama zilizoshuka ni mbili zinazopakana.