Mji uliookolewa na nguruwe

Nimerudi hotelini sasa hivi, jamani. Tuko Nördlingen, mji mdogo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Mchana tumeuzunguka mji mzima juu ya ukuta wake wa zamani. Kama kilomita 2.7, njia ina paa, unarudi ulikoanzia bila kushuka chini.

(Na mji wenyewe umekaa ndani ya shimo la kimondo kilichoanguka takriban miaka milioni 15 iliyopita! Wanaanga wa Apollo 14, safari ya kwenda mwezini, waliletwa huku mwaka 1970 kujifunza miamba.)

Lakini kilichonishika ni cha usiku.

Saa nne kamili, kutoka juu ya mnara wa kanisa la St. Georg, mlinzi akapaza sauti: "So, G'sell, so!" Yaani kama "Haya, mwenzangu, haya!"

Mtu halisi. Si spika, si kanda. Sauti imevutwa, ina mikwaruzo kidogo, kama mzee aliyemaliza kukohoa. Nywele zilinisimama.

Huita hivyo kila nusu saa mpaka saa sita usiku.

Wito huo umetoka wapi? Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1440 walinzi walihongwa na adui waliache lango wazi. Nguruwe akaenda kujikuna pale, lango likasogea, mama mmoja akaona, akapiga kelele kwa maneno hayo hayo. Adui akakosa mji.

Kweli au porojo, mimi nimeipenda hivyo hivyo.

Nimeacha dirisha wazi kusubiri wito wa saa nne na nusu, baridi na iwe baridi.

Haya, nyie mliotembea: mji gani mwingine una ukuta mzima hivi? Nitajieni.