Choma tu

Ijumaa leo, na hilo "tu" bado linanilia sikioni.

Jumatatu usiku, saa 4 kasorobo. Mama wa kitanda cha 6, yule wa presha kali ya mimba, amejifungua saa 9 alasiri, yuko kwenye magnesiamu, sindano ya kuzuia degedege. Simu ilikwenda hivi:

— Daktari, samahani sana kwa usumbufu. Huyu mama wa kitanda cha 6, naona kama mkojo wake hauridhishi.

— Si ameandikiwa kila baada ya saa 4?

— Ameandikiwa, lakini...

— Basi wewe choma tu, sista.

Akakata.

"Tu" ina adabu zake. Karibu tu. Kaa tu. Chukua tu, mwanangu. Hapo inafungua mlango. Itangulize na "wewe" uone inavyogeuka. Na akaimalizia na "sista", ili isije ikasemwa hana heshima.

Kijana mwenyewe ni wale wa mafunzo kwa vitendo, mwaka mmoja, yeye yuko mwezi wa tatu. Asubuhi tukakutana koridoni: "Shikamoo, sista." "Marahaba, daktari." Kila mtu akachukua chake. Koridoni umri ndio unaopanga watu, na mimi naweza kuwa mama yake mdogo. Tukifika kitandani faili likafunguliwa, mpangilio unapinduka, na yule aliyenipa shikamoo dakika mbili nyuma ananyoosha mkono bila kunitazama ili nimwekee glovu. Hakuna anayeshangaa. Wagonjwa wenyewe wamezoea. Wanamwambia yeye "daktari" na mimi "we nesi".

Lakini turudi kwenye sindano, maana watu wa nje wanadhani kuchoma ni kuchoma.

Magnesiamu inaanza na gramu 14. Gramu 4 zinaingia kwenye mshipa taratibu, kwa dakika 5 angalau: mililita 8 za dawa ya asilimia 50, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20. Ukiisukuma haraka, mama anasikia moto mwili mzima na anaweza kutapika. Gramu 10 zilizobaki ni za msuli, 5 kila kalio, ndani kabisa, na mililita 1 ya lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 kwenye bomba hilo hilo, la sivyo atakuchukia mpaka aruhusiwe. Halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, kalio la kulia, kalio la kushoto, mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lipi limechelewa.

Na kabla ya kila dozi, kila dozi, mambo matatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa zile saa 4 zilizopita. Dawa hii inatoka kwa njia ya figo. Figo zikizembea, inabaki mwilini na kujilimbikiza. Goti ndilo linalotangulia kunyamaza, kisha pumzi, mwisho moyo. Ndiyo maana mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, zinakaa kando ya kitanda. Zikifungiwa kabatini na funguo zikawa kwa in-chaji aliyekwenda nyumbani, hazina kazi.

Mama wa kitanda cha 6 alikuwa na pumzi 17. Goti, kimya. Mkojo, mililita 80 kwa saa 4 wakati zilitakiwa 120. Na sikusoma alama za kwenye mfuko wa mkojo, zile zinadanganya mfuko ukilala upande. Nilimimina kwenye jagi la kupimia. Nikaangalia kama mpira umejikunja, kama ameulalia, kama kuna bonge la damu, kama mtu amesahau kufungua kibanio. Goti nalo nililipima mara mbili kila mguu, nikilinyanyua kwa mkono wangu mpaka mguu ulegee, nikigonga kano chini ya pia ya goti. Angekuwa amechomwa ganzi ya mgongo ningepima mkononi, maana goti lingekuwa limelala kwa sababu nyingine. Hakuwa amechomwa.

Kwa hiyo sikuchoma. Dozi nikiidunga, saini kwenye karatasi ya dawa ni yangu, na leseni yangu imetoka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hakuna kisanduku cha kuandika "niliambiwa choma tu".

Nilipofika hapa nikaenda kuchemsha chai, na chai ndiyo iliyoniharibia hasira yangu.

Maana nilipiga simu ya pili, kwa bingwa wa zamu. "Daktari, wodi ya wazazi. Kitanda cha 6, presha kali ya mimba, dozi ya magnesiamu ni saa 4 usiku huu. Mkojo mililita 80 kwa saa 4, goti haliruki, pumzi 17. Dozi nimeisimamisha. Naomba uje umwone." Akajibu: "Sawa, usichome. Nakuja." Basi.

Sasa isome tena ile ya kwanza. "Samahani sana kwa usumbufu." "Naona kama." "Hauridhishi." Namba ziko wapi? Zilikuwa mkononi mwangu, zimeandikwa kwa wino, nami nikazifunika kwa adabu. Kijana alikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, ameamka tangu juzi yake. Alisikia mtu anayeomba radhi. Angeweza kuuliza neno moja tu, "kiasi gani?", na hilo simsamehei. Ila nami nilimnyima.

Mwaka 1967 huko Marekani daktari wa akili, Leonard Stein, aliuandika mchezo huu: muuguzi atoe ushauri bila kuonekana ameutoa, daktari aupokee bila kuonekana ameomba. Sisi tumeuongezea samahani na shikamoo, ukanoga. Wanafunzi wa ukunga wanajifunza kwetu, hawajifunzi darasani. Binti mmoja alikuwa amesimama pembeni yangu usiku ule, ameshika tochi. Simu ipi ataiga sijui.

Mengine ya wiki: mama ameruhusiwa na kichanga chake cha kilo 2.3, matroni amestaafu tukamuaga kwa pilau, mfumo wa kompyuta ulilala siku mbili.

Jana kijana kanikuta kwenye meza ya dawa. "Shikamoo, sista. Kitanda cha 2 mkojo ukoje?" Nikamwambia 140. Akaandika. Hakusema zaidi, nami sikumsaidia.

Paka wa Zuhura hajaonekana tangu Jumanne. Leo nimekuta jirani ameweka sumu ya panya uani, kwenye kifuniko cha ndoo, na Zuhura bado anamimina maziwa kila jioni.