Saa Moja ya Nani?

Mswahili akifika Ethiopia hujiona mjanja kwa jambo moja: saa. Wenyeji wanahesabu kama sisi. Jua likitoka ni saa kumi na mbili, saa mbili ni vipindi vya asubuhi, na hata neno lao, sa'at, halihitaji mkalimani. Walimu wenzangu kutoka Uingereza na Ufilipino ndio wanaohangaika kujumlisha na kutoa sita. Niliwacheka mwezi mzima, mpaka mkesha wa Meskel, sikukuu ya Msalaba ya Waorthodoksi.

Jirani alinialika twende kuona Demera, moto wa mkesha. Akaniandikia kwa Kiingereza kwamba tutatoka 1:00. Nikasoma saa moja, maana kwao na kwetu ni moja. Kumbe mwenzangu, kwa wema wake, alishanigeuzia kwenye saa ya Kizungu: alimaanisha saa saba mchana. Basi Alhamisi ya tarehe 26 Septemba 2024, saa moja kasoro asubuhi, nilikuwa getini na netela, shuka lao jepesi, nyeupe mabegani, natetemeka kwa baridi ya Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mlinzi alinitazama kama mtu aliyekosea siku ya harusi.

Tangu hapo nimeshika utaratibu. Ukiambiwa saa kwa Kiamhari, ni saa yetu. Ukiambiwa kwa Kiingereza, uliza: ya Habesha, yaani ya wenyeji, au ya ferenj? Tiketi ya ndege ni ya ferenj sikuzote. Basi la mkoani kwa kawaida ni ya Habesha. (Ferenj ni mgeni, na mimi niliye mweusi kuliko jirani yangu naitwa hivyo hivyo.) Tarehe nazo zina lake. Tangazo la likizo shuleni liliandikwa 17/1/2017, nikadhani ni karatasi ya zamani. Mwezi wao wa kwanza ni Meskerem, unaoanza tarehe 11 Septemba, au 12 mwaka mwingine, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa saba au nane. Miezi kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja, kisha unakuja wa kumi na tatu, Pagume, wenye siku tano au sita. Mshahara wa Pagume usiuulizie.

Asubuhi ile ya getini nilikuwa na saa sita za kuua. Merkato, soko lisilolala, lilikuwa limepwaya, vibanda vingi vimefungwa. Wafanyabiashara wengi pale ni Wagurage, na Mgurage na Meskel ni kama Mchaga na Krismasi: lazima apande kwao. Mabasi ya Butajira na Welkite yalikuwa yanagombaniwa, na nauli imepaa kama ya Moshi mwezi wa kumi na mbili.

Waliobaki walikuwa wanauza kitfo, na hapo ndipo nilipomaliza asubuhi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mshipa hata mmoja inakatwakatwa kwa kisu mpaka iwe laini, inachanganywa na samli yenye viungo iliyoyeyushwa, chumvi na mitmita, pilipili ya unga inayokuamsha masikio. Ukikaa kimya utaletewa mbichi. Sema lebleb upashiwe moto kidogo tu, na ukitaka iive kabisa vumilia kuonewa huruma. Inaliwa na jibini nyeupe isiyo na chumvi na kocho, mkate wa ensete, mmea ambao Mchaga angeapa ni mgomba, ila huu hauliwi ndizi: shina linakwanguliwa, linafukiwa shimoni lichachuke, ndipo linaokwa. Harufu yake izoee polepole. Sahani ilinitoka birr 800, zaidi ya elfu kumi na nane za kwetu. Birr iliachiwa ielee sokoni Julai mwaka ule, bei zikaelea nayo, mshahara wangu ukabaki umetia nanga.

Hata hivyo nilikula kwa wakati. Meskel yenyewe iliangukia Ijumaa, na majirani zangu Waorthodoksi Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama wala maziwa.

Saa saba tulipanda daladala lao, la bluu na nyeupe. Kushuka unasema "weraj alle", yaani kuna anayeshuka. Lilituacha karibu na mtaa wa Olympia kwa sababu barabara za kwenda Uwanja wa Meskel, kunakowashwa Demera, zilikuwa zimefungwa, tukaenda kwa miguu. Tulipekuliwa mara tatu, wanaume foleni yao na wanawake yao. Mkoba uache nyumbani. Kiberiti changu kilibaki kwa askari, ingawa tulikuwa tunakwenda kutazama moto.

Demera ni miti mirefu iliyosimamishwa na kuegemezwa pamoja kama pia iliyogeuzwa, imefungwa majani mabichi na adey abeba, ua la njano linalochanua mvua za masika yao zinapokatika. Juu kabisa kuna msalaba. Wanasema Malkia Eleni aliwasha moto, na moshi ukamwonyesha msalaba wa Kristo ulikofukiwa. Kwaya zilipita moja baada ya nyingine kwa ngoma na njuga za mashemasi, saa mbili nzima, na miguu yangu ilihesabu kila dakika.

Kilichonishika ni mishumaa. Ni utambi mwembamba uliopakwa nta ya nyuki, mwembamba kuliko kalamu. Jua lilipokuwa linazama mama mmoja mbele yangu aliwasha wake, akageuka akaniwashia wangu bila kunitazama usoni, nami nikageuka nyuma. Hivyo hivyo uwanja wote uliwaka kabla ya moto mkubwa kutiwa. Nta ilinidondokea kwenye kidole gumba na sikuthubutu kuutupa mshumaa.

Miti ilikuwa na unyevu, ikafuka kwanza, kisha ikalipuka. Watu wanangojea ianguke, maana upande inaolalia ndio ubashiri wa mwaka. Iliyumba, ikasita, ikaanguka kwa kishindo. Mzee mmoja akatangaza kwamba upande ule ni mavuno mema. Jirani akaninong'oneza kwamba mwaka jana ilianguka upande mwingine kabisa, na mzee alisema vivyo hivyo.