Tiara ya nne imepaa

Jana saa tisa na robo alasiri tiara ya nne ilipanda juu ya uwanja wetu hapa Umoja, Nairobi, ikatulia, ikakaa hewani dakika 22. Kifunguamimba wangu, mwenye miaka 9, aliushika mkebe wa uzi kwa mikono miwili bila kusema neno. Mdogo wake wa miaka 6 alikuwa akihesabu kwa sauti tangu ilipoachiliwa, akafika mia tatu na kitu, akapotea, akaanza tena moja. Naandika leo kabla sijasahau, maana kosa lilikuwa moja tu na lilinila siku tisa.

Mpango wa likizo hii ulikuwa mwingine kabisa. Karatasi bado imebandikwa kwenye friji: wiki ya kwanza magari ya waya, ya pili kupanda dania kwenye mikebe, ya tatu sinema ya boksi. Bajeti shilingi 500 kwa wiki zote tatu za Agosti, kwa sababu karo ya muhula wa tatu inabisha hodi, na bando la intaneti la kuwawekea katuni kutwa nzima lingekula zaidi ya hizo kwa siku chache. Magari yalikwisha siku ya tatu. Dania imeota vizuri, ila namwagilia peke yangu. Boksi la sinema liko chini ya kitanda halijaguswa.

Yote haya yaliletwa na fagio. Nilinunua fagio la chelewa sokoni, njiti moja ikachomoka mkononi, nikaikunja, ikanirudi kwa nguvu, na papo hapo nikakumbuka nyumbani Mombasa. Agosti kule ni msimu wa upepo wa kusi, na alasiri kulikuwa na tiara za magazeti juu ya kila paa. Kaka yangu ndiye aliyezitengeneza. Mimi nilikuwa mshika uzi tu, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana nilikumbuka tiara ilivyo ikiwa juu, sikukumbuka alivyoifunga.

Ya kwanza niliijenga kwa kukisia: uti, yaani njiti ya wima, sentimita 60, mkono, yaani njiti ya kukingama, 52, vikikutana sentimita 15 kutoka kichwani. Kurasa za gazeti zilizounganishwa, gundi ya unga wa ngano, mkia wa vipande vya karatasi ya mkate. Wakati wangu tungetumia mifuko ya juala, yaani ya plastiki, lakini tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 haipo, na huu mfuko wa kitambaa unaouzwa siku hizi ni mzito mno kupaa. Gazeti linatosha.

Ilipanda mita tatu, ikaanza kuzunguka kama pia, ikaja chini kichwa kwanza. Tukaiinua. Ikarudia. Mara kumi na moja, na kila mara ilizungukia kulia.

Nililaumu mkia kwanza. Nikaurefusha kutoka mita moja hadi tatu. Kuzunguka kulipungua, lakini sasa haikupanda hata kidogo, iliburuta mkia kwenye nyasi kama kuku mgonjwa. Upepo wa Umoja mwezi huu hauna nguvu ya kubeba mkia wa mita tatu. Asubuhi nzima wingu limelala juu ya majumba na hakuna jani linalotikisika, na upepo ukija, unakuja baada ya saa nane, tena kwa vipande vipande. Na hewa yenyewe ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hivyo hewa yetu ina uzito pungufu kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na upepo wa kasi ileile unasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Kila gramu ina bei hapa.

Nikahamia kwenye hatamu, zile nyuzi mbili za kifuani ambako uzi mkuu unafungwa. Nilisogeza fundo sentimita moja juu, nikajaribu, moja tena, nikajaribu. Juu sana, tiara inalala na kupapatika. Chini sana, inasimama wima kupigana na upepo na haipandi. Nilijaza ukurasa mzima wa daftari kwa vipimo hivyo. Katikati palipatikana mahali pazuri pa kupandia, lakini hata hapo ilizungukia kulia. Siku hiyo ya nne nilirudi nyumbani nimekasirika kweli. Mwanangu wa kwanza alinishika mkono kwenye ngazi akaniambia, "Mama, labda haipendi kulia." Sikuwa na jibu la kumpa.

Tiara ya pili, pacha wa ile ya kwanza, njiti mpya, karatasi mpya. Ikazungukia kushoto. Hapo nikajua kosa haliko kwenye upepo wala uwanja, liko mezani kwangu.

Nikaipima. Niliining'iniza kwa uzi kichwani na mkiani, nikaona bawa moja linainama. Uzito haukuwa sawa! Nikagandisha vipande vidogo vya karatasi kwenye bawa jepesi hadi ikakaa sawasawa kabisa. Nilikuwa na uhakika. Nilimwita hata jirani wa ghorofa ya tatu aje na wanawe watazame. Ikazungukia kushoto, ikatua juu ya kamba ya nguo zake, ikachanika.

Ya tatu nilitaka kuijenga bila mkia. William Eddy wa Marekani, miaka ya 1890, alirusha tiara zisizo na mkia kwa kuupinda mkono ukawa upinde, mabawa yakaelekea nyuma kidogo. Nikachukua njiti, nikafunga uzi ncha moja, nikauvuta kwenda ncha ya pili, nikaangalia. Upinde ulikuja kombo. Upande mmoja ulikuwa umenyooka kama rula, mwingine umejikunja kama ndoano.

Nililiangalia lile umbo kwa muda mrefu. Chelewa ni uti wa jani la mnazi: nene shinani, nyembamba nchani. Nilikuwa naweka njiti moja kama mkono, kwa hiyo kila tiara yangu ilikuwa na bawa gumu na bawa legevu. Kwenye meza yalikuwa sawa, hata uzito niliusawazisha. Lakini upepo ukisukuma, bawa legevu linakunjika nyuma na kumwaga upepo, bawa gumu linaendelea kubeba, basi tiara inapinduka kuelekea upande mwembamba. Nikairudia ile iliyochanika, nikabonyeza mabawa kwa viganja viwili. La kushoto lilikubali kama unyasi. La kulia likanisukuma.

Dawa yake ni njiti mbili zilizolazwa pamoja, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, zikafungwa kwa uzi mahali patano. Uzito umeongezeka kidogo, lakini pande zote zinapinda sawa. Upinde wa sentimita 4, mkia mfupi wa mita moja na robo kwa usalama. Hiyo ndiyo tiara ya nne.

Usiku nilimpigia kaka yangu. Nikamuuliza alizifungaje. Akajibu bila kufikiri, "Mbili mbili, shina kwa ncha. Si ulikuwa umekaa hapo hapo unaona?"

Kuhusu vifaa, kwa anayetaka kujaribu. Selotepu iweke mbali, ni nzito na haikai sawa pande zote. Gundi ya unga, kijiko kimoja kwa nusu kikombe cha maji, ipikwe iwe uji mzito, ipakwe nyembamba. Kwa baridi hii ya Agosti inachukua usiku kucha kukauka, usiharakishe. Uzi wa cherehani unakatika, mshipi wa kuvulia unakata vidole vya watoto, kamba ya katani ni mzigo. Ulionifaa ni ule wa nailoni anaotumia fundi wa viatu, kabla hajaupaka nta. Nilinunua kwake vipande viwili, nikaviunga kwa fundo, jumla mita 40, na siongezi, kwa sababu ndege za viwanja vya Eastleigh na Embakasi ziko juu yetu. Waya za stima ziko upande mmoja wa uwanja, kwa hiyo tunasimama mahali ambapo upepo unaipeleka tiara mbali nazo. Uzi ukilowa, siku hiyo hatutoki.

Hadi sasa nimetumia shilingi 290, fagio likiwemo, na bado linafagia.

Nilikuwa nimepanga leo kuanza sinema. Asubuhi kitindamimba akaniuliza kama tiara inaweza kupelekewa barua. Nikakumbuka kwamba inawezekana: unakata kikaratasi cha duara, unakitoboa katikati, unakipasua upande mmoja, unakivisha kwenye uzi, na upepo wenyewe unakisukuma juu hadi kwenye hatamu. Wameandika barua sita. Ya kwanza ilipanda vizuri, ikitetemeka, ikasimama ghafla kwenye lile fundo nililoungia nyuzi, mita 26 kutoka mkebeni, na zote zilizofuata zimerundikana nyuma yake.

Tumejaribu kupanua tundu. Likipanuka, kikaratasi kinayumba na kudondoka. Kesho nampitia fundi wa viatu mapema, nimwombe mita 40 zisizo na kiungo.