Rufiji, kutoka darajani hadi kwenye mikoko

Basi la Kilwa lilinishusha Ikwiriri, nikachukua bodaboda hadi Daraja la Mkapa, nikalivuka kwa miguu. Lina urefu wa karibu kilomita moja na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu wa kusini walitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea safari ilisimama. Chini yangu maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yalikuwa yameshakuwa mto mmoja, Rufiji, mpana, wa rangi ya udongo.

Bondeni nilimkuta bibi akipalilia mahindi karibu na dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambako familia hulinda shamba dhidi ya nguruwe na ndege.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutazama mlau?"

Akachimba kwa jembe, akanipa bonge la tope jeusi, laini, lenye unyevu ingawa mvua ilikatika zamani. Maji ya mafuriko yakipwa huacha tope hilo, na wakulima hupanda humo bila kungoja mawingu; kilimo hicho ndicho mlau. Ndiyo maana mafuriko ya kiasi kwao ni neema. Yale ya Aprili 2024 yalipita kiasi, yakazamisha nyumba na mashamba. Sasa kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limekaa upande wa juu wa mto wao, naamini mkulima wa mlau anastahili kusikilizwa kila maji yanapopangiwa kufunguliwa.

Nikaendelea hadi Mohoro. Hapa Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Nilisimama kwa muda mrefu. Maji ya dawa aliyowapa watu yaliwaunganisha waliokuwa wakilimishwa pamba kwa viboko.

Delta niliingia kwa boti kutoka Nyamisati. Wageni wengi huulizia Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye mikondo hii hadi Waingereza walipoishinda Julai 1915. Meli yenyewe imemezwa na matope. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mikoko ndiyo iliyonishika mimi: mizizi imejaa chaza na kaa, maji ya chumvi yakipanda na kushuka katikati yake.

Ukitaka kwenda, nenda baada ya masika, mlau ukiwa kijani, na anzia Mohoro kabla ya kuulizia meli.