Siku moja maishani mwangu: mvua ya alfajiri Mombasa

Saa 8:30 usiku. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa Mombasa, na zamu yangu ya kupima hali ya hewa huanza mji ukiwa umelala. Saa hizi nimezipenda, kwa kuwa mvua itakayowalowesha watu alfajiri huwa bado inajikusanya baharini.

Saa 9:00 usiku. Nasimama uani nimezima tochi mpaka macho yazoee giza. Juu yangu nyota zipo, lakini zile za chini upande wa mashariki zimefutika, na hivyo najua kuwa mawingu yamekwisha kutanda nje ya miamba. Upepo ni mwepesi, watoka bara; ndio upepo ambao wavuvi huuita umande. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na hewa yake iliyopoa huteremka kuelekea majini, ambako hukutana na kusi iliyobeba unyevu mwingi kutoka Bahari ya Hindi. Pepo hizo mbili zinapokabiliana, hewa vuguvugu hulazimika kupanda, na kadiri inavyopanda hupoa, mpaka mvuke wake ukawa wingu, kisha kusi ikalisukuma wingu hilo pwani.

Saa 10:40 alfajiri. Mabati yanaanza kulia.

Saa 12:00 asubuhi. Mawingu yamefunika sehemu saba kati ya nane za anga. Kibandani, kipimajoto kikavu na kile kilichovikwa kitambaa chenye maji vinasoma karibu sawa, maana hewa imeshiba unyevu.

Saa 3:00 asubuhi. Hiki ndicho kipimo kikuu cha mvua ya saa 24. Namimina maji ya kipimamvua ndani ya bilauri nyembamba ya kioo, nainama mpaka jicho liwe sawa na maji, kisha nasoma sehemu ya chini kabisa ya ule mbonyeo wa maji: milimita 31.4, yaani zaidi ya lita 31 juu ya kila mita mraba. Juma lililopita jani la mwarobaini liliziba shingo ya faneli, nami nikaandika kwamba kipimo hakikupatikana. Liliniuma sana, kwani mvua ya siku ile haitapimwa tena, lakini namba ya kubahatisha ingeharibu kumbukumbu ya miaka mingi.

Saa 7:00 mchana. Jua limechoma nchi kavu na mambo yamegeuka: sasa upepo wavuma kutoka baharini, mji uko wazi, na mawingu meupe yamerundikana juu ya vilima vya Rabai na Shimba.

Saa 9:30 alasiri. Njiani nyumbani, mama anayeniuzia mahamri na mbaazi ananiuliza, “Mwanangu, na kesho je?” Namjibu, “Mama, kusi bado yavuma na usiku utakuwa mtulivu. Funga turubai kabla hujalala, na mkaa usiuache nje.”